Bastola Iliyolipa Deni

Wauzaji wa bastola kuukuu huku Texas hupenda kukuonyesha weusi wa chuma. Wataigeuza silaha chini ya taa, waisugue kwa kitambaa, wakuambie tazama inavyong'aa. Mimi weusi huo nauacha mwisho. Fundi yeyote mwenye dawa na birika la maji moto anaweza kuurudisha kwa siku moja, na akishasugua chuma ili dawa ishike, anaweza kufuta chapa zilizokuwa juu yake. Bastola ya mwaka 1941 inayong'aa kama sufuria mpya inanitia shaka kuliko ile yenye mikwaruzo.

Nimetoka Nyeri, Kenya, na mshahara wangu unatokana na kuchonga vyuma kwa mashine, kwa hiyo macho yangu hutafuta nyayo za kifaa kilichokata chuma kabla ya kutafuta uzuri. Bastola niliyonunua ni ya Smith & Wesson, ya silinda yenye matundu sita, kipimo cha .38, mtutu wa inchi 6, iliyotengenezwa Springfield katika jimbo la Massachusetts. Haikuwa adimu. Kati ya mwaka 1940 na 1945 kiwanda hicho kilitengeneza zaidi ya 500,000 za kipimo hiki kwa ajili ya Waingereza na nchi za himaya yao. Wanaokusanya silaha kwa sababu ya uchache wake wataipita bila kugeuka. Mimi niliitaka kwa sababu ya deni.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliipa Smith & Wesson malipo ya awali ya dola 1,000,000 ili itengeneze bunduki nyepesi ya milimita 9. Kiwanda kilikuwa hoi kifedha, na pesa zile zilikuja kama mvua baada ya kiangazi. Zikatumika katika mashine na vyuma. Bunduki ilipofika kwa Waingereza na kujaribiwa kwa risasi zao, haikuhimili nguvu ya baruti ile, ikakataliwa. Waingereza wakataka fedha yao, na fedha haikuwepo. Njia iliyopatikana ni kwamba kiwanda kingelipa kwa kitu ambacho kilikuwa kimekizoea tangu 1899, yaani bastola yake ya jeshi na polisi, ila sasa itobolewe kwa risasi ya Kiingereza. Mwaka 1940, jeshi la Uingereza liliporudi kutoka Dunkirk likiwa limeacha vifaa vyake ufukweni, bastola zile zikawa hazitoshi hata zikija zote kwa mara moja. Waingereza walichukua urefu wowote wa mtutu uliokuwepo, inchi 4, 5 au 6, na ndiyo maana yangu ni ya inchi 6. Baadaye mambo yalipotulia walisimama kwenye inchi 5.

Ukizitazama historia za viwanda vya silaha utaona kwamba mikataba na mawakili vimeamua mengi kuliko vita. Smith & Wesson yenyewe ilisimama juu ya karatasi ya mtu mwingine. Rollin White, aliyewahi kufanya kazi kwa Colt, alipata hataza mwaka 1855 ya silinda iliyotobolewa toka mbele hadi nyuma, ili risasi yenye ganda iingizwe kwa nyuma. Horace Smith na Daniel Wesson walimwendea mwaka 1856 wakakubaliana kumlipa senti 25 kwa kila bastola. Walikuwa wajanja: mkataba ulimtwika White mzigo wa kuitetea hataza hiyo mahakamani kwa gharama yake. Basi kila aliyeiga, White alimshitaki, na senti zake zikaishia mifukoni mwa mawakili. Hataza ilipoisha mwaka 1869 aliliomba bunge limwongezee muda. Bunge likakubali, na Rais Grant akaikataa sheria hiyo mwaka uliofuata. Wenye kiwanda walitajirika. Mwenye wazo alibaki akihesabu kesi. Sijui kwa nini simulizi hii haielezwi zaidi kuliko zile za wachunga ng'ombe wa magharibi.

Turudi kwenye chuma. Bastola ya Smith & Wesson ya enzi hiyo ina nambari yake chini ya mpini, na nambari ile ile inarudiwa kwenye uso wa nyuma wa silinda, chini ya mtutu mahali ambapo fimbo ya kusukumia maganda hujificha, nyuma ya ile nyota inayoyasukuma, na ndani ya ubao wa kulia wa mpini. Ukikuta zote zinakubaliana, una bastola moja. Zikitofautiana, una vipande vya bastola kadhaa vilivyooana, labda katika karakana ya jeshi, labda mezani pa mtu asiyekuwa na haraka ya kueleza. Si dhambi, lakini bei yake si ile. Kwa hiyo ninatembea na tochi ndogo na bisibisi iliyochongwa ncha iingie sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, maana bisibisi ya kawaida huharibu kichwa cha skrubu, na skrubu iliyoharibika ndiyo ushahidi kwamba mtu asiyejua ameshaingia ndani. Kabla ya yote hayo, silinda inafunguliwa na matundu yote sita yanakaguliwa kama yako wazi, hata kama muuzaji ameapa.

Nambari ya bastola yangu haina herufi mbele yake. Hesabu ya kiwanda ilipofika 1,000,000 mwaka 1942, walianza upya wakitanguliza V, ya ushindi, na hizo ndizo watu huziita Victory. Zilipakwa rangi ya kijivu iliyofifia, mbao zake laini bila nakshi, pete ya kamba chini ya mpini. Silaha ya haraka, lakini iliyochongwa vizuri ndani. Mwishoni mwa 1944 baharia mmoja wa Marekani alikufa baada ya Victory kuanguka kwenye sitaha ya chuma ikafyatuka yenyewe. Kiwanda kikabuni upya kile kipande kinachozuia nyundo isifike kwenye risasi mpaka triga ivutwe, na nambari zilizofuata zikaanza na SV. Mtu anayenunua ya kupigia risasi, si ya kuweka kabatini, aipende S hiyo. Yangu haina, kwa hiyo kila ninapobeba ikiwa na risasi, tundu lililo chini ya nyundo huliacha tupu.

Chapa isiyokuwepo nayo husema. Baada ya sheria ya mkopo wa silaha ya Machi 1941, bastola zilizokwenda Uingereza zilipigwa maneno ya kuzitaja kuwa mali ya Marekani. Juu ya fremu ya yangu hakuna maneno hayo, wala hakuna dalili ya kusuguliwa. Ni ya kundi la kabla ya hapo, la wakati wa kununua na kulipana. Muuzaji aliona hilo ni kasoro, kwamba chapa inakosekana, akapunguza bei. Sikumsahihisha.

Chapa za Birmingham ndizo zinazonifurahisha zaidi. Sheria ya Uingereza haikuruhusu silaha iuzwe kwa raia kabla ya kupimwa kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida, na nyumba ya kupimia ya Birmingham ilikuwa ikifanya kazi hiyo tangu bunge lilipoiidhinisha mwaka 1813. Vita vilipokwisha na jeshi likauza ziada yake, bastola hizi zilipita humo. Mtutu wangu una taji na herufi BNP, una .38 na .767, ambao ni urefu wa ganda la risasi kwa inchi, una tani 3½, ambayo ni kiwango cha shinikizo, na una maneno ya Kiingereza yanayotangaza kwamba silaha hii haikutengenezwa Uingereza. Silinda nayo imepigwa kwenye kila tundu. Wakusanyaji wengi wa Kimarekani huona chapa hizo zimeichafua sura ya bastola. Mimi nasoma hapo kwamba ilivuka bahari, ikapimwa, ikauzwa, ikavuka tena.

Safari ya kurudi ndiyo iliyoziharibu nyingi. Wafanyabiashara wa miaka ya hamsini walizinunua kwa mafungu, wakakata mitutu ikawa mifupi kwa kuwa mteja alitaka ya mfukoni, wakatoboa zaidi matundu ya silinda ili yapokee risasi ya Kimarekani ya .38 Special. Ni kazi mbaya. Risasi ya Kiingereza ni fupi na nene, ya Kimarekani ni ndefu na nyembamba. Ukiongeza kina cha tundu, sehemu ya nyuma hubaki pana vile vile, na ganda likipigwa humo huvimba au hupasuka. Kuitambua ni rahisi. Chukua ganda tupu la .38 Special ulisukume ndani. Kwenye silinda ambayo haijaguswa litakwama. Likizama lote, rudisha bastola mezani, sema asante.

Kisha sikiliza mtambo. Vuta nyundo polepole kwa kidole gumba: silinda inapaswa kufika na kujifunga kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake, na hivyo kwa tundu la kwanza hadi la sita, maana wakati mwingine ni moja tu lililochoka. Nyundo ikiwa imesimama, isukume kwa mbele bila kugusa triga. Ikianguka, mtu alishachezea ndani. Tikisa silinda mbele na nyuma, ulinganishe na mkono wako unavyojua chuma kizima kinavyokaa. Na ukimwona muuzaji anaifunga silinda kwa kuirusha kwa kiwiko kama kwenye sinema, ondoka, kwa sababu mkono unaobeba silinda hupinda kwa mchezo huo na hata yeye hajui imepindika mara ngapi.

Kuna jambo jingine linalonifanya nichague kipimo hiki kati ya vyote. Jeshi la Uingereza lilitumia bastola za Enfield, za Webley na hizi za Springfield kwa risasi hiyo hiyo, na huko kwetu bastola ilikuwa alama ya afisa, Mzungu, wakati askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni, alibeba bunduki ndefu. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu, Nyeri. Alikuwa amevaa ngozi ya chui. Kesi yake haikuwa ya vita wala ya mauaji. Alishitakiwa kwa kumiliki bastola ya Webley & Scott ya .38 na risasi bila ruhusa, na chini ya sheria za hali ya hatari kosa hilo lilitosha mtu kunyongwa. Jaji Mkuu Kenneth O'Connor alisikiliza kesi mjini Nyeri, akamhukumu mwezi Novemba. Tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Sanamu yake iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2007 ina bunduki ndefu na kisu mikononi. Kile chombo kilichotajwa kwenye shitaka hakimo.

Nilipotia sahihi fomu ya serikali kuu kwenye kaunta ya duka, nikangoja muuzaji apige simu na kuambiwa sina kesi, niliwaza jinsi karatasi inavyofanya kazi tofauti kutegemea nani anaishika na wapi. Muuzaji, mzee mpole wa Kitexas, aliniuliza kwa nini mtu kutoka Kenya ataka bastola ya Waingereza. Nikamwambia si ya Waingereza, waliipokea kwa sababu walidai. Akacheka, akanifungia katika boksi la viatu.

Risasi zake bado zinatengenezwa Marekani, dhaifu kidogo kuliko zile za jeshi, na zinafaa umri wake. Nyumbani Kenya siwezi kuipeleka bila cheti cha silaha, na cheti hicho hakitolewi kwa sababu mtu anapenda kusoma chapa. Ndugu zangu nimewatumia picha. Ikifika siku ya kurudi nitaiuza hapa hapa, mbao zake za asili zikiwa mahali pake, skrubu hazijaguswa na bisibisi mbaya, na atakayeinunua asipoangalia chini ya mtutu kabla ya kutoa pesa, nitamwonyesha mwenyewe.