Fundi wa Bunduki Hii ni Nani?

Ukitaka kujua bunduki kuukuu imetoka mkono wa nani, achana na maneno ya anayeishika. Soma chuma chenyewe! Chukua ile Mauser ya 1871, ya milimita 11, inayomeza risasi moja tu. Ubavuni imeandikwa "I.G.Mod.71". Hiyo ni aina, siyo fundi. Kiwanda kitafute juu, nyuma ya mtutu: Spandau, Erfurt, Danzig, Amberg, hivyo vya serikali ya Kijerumani, au Steyr ya Austria. Halafu linganisha namba ya komeo na ya mwili. Zikikataana, basi jua imeungwaungwa.

Vita ilipoanza mwaka 1914 askari wengi wa von Lettow-Vorbeck walikuwa bado na mauser hiyo hiyo, tena ya baruti nyeusi: ukipiga, wingu la moshi linamwonyesha adui ulipo. Huku deltani manowari Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 11 Julai 1915, baada ya kuchakazwa na Waingereza. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikaburutwa nchi kavu. Nayo fundi wake anajulikana: Krupp.

Sasa geukia gobore, lile linalofukuza nguruwe na nyani kwenye mpunga. Unashindilia baruti mdomoni, unatia vipande vya chuma, unaomba Mungu. Ni kazi ya mhunzi wa kijijini, na mimi naiona kazi kubwa kuliko ya Spandau, maana Spandau walikuwa na mashine. Lakini lipekue utakavyo, hukuti jina wala mwaka. Na atie jina ili iweje? Mhunzi asiye na leseni akichonga jina lake pale amejiandikia hati ya mashtaka.

Tena tangu 2017, mwaka wa yale mauaji ya Kibiti, polisi wanane walipouawa siku moja ya Aprili na viongozi wa vijiji wakawindwa majumbani, ukitaja bunduki huku watu wanakutazama viatu kwanza.

Kwa hiyo daftari langu limejaa Erfurt na Steyr. Ukurasa wa Rufiji una mistari miwili: kitako mninga, mtutu bomba la maji. Fundi yu hai, hataki atajwe.