Malaba: Usiku wa sheria huanza saa mbili Kenya, saa nne Uganda

Wakazi wa Malaba hutenganishwa na mto tu, lakini kwa upande wa kelele sheria zao hazikubaliani hata kuhusu saa ambayo usiku huingia. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 huuhesabu usiku kuanzia saa mbili; zile za Uganda za mwaka 2003 zilisubiri hadi saa nne.

Tofauti hiyo si ndogo. Mahali ambapo nyumba za kuishi zimechanganyika na maduka na baa, kama ilivyo mjini humo, kanuni zote mbili ziliweka kikomo cha desibeli 55 mchana. Usiku Kenya hushuka hadi 35, Uganda 45. Kipimo hiki hakisomwi kama rula: kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara kumi. Kwa hiyo saa tatu usiku, wakati Uganda bado ni mchana kisheria, pengo ni desibeli 20, yaani mara mia moja. Desibeli 35, ikumbukwe, si mbali na mnong'ono. Hata lori linalonguruma likisubiri kuvuka mpaka hupita hapo.

Mzigo mkubwa huwaangukia wafiwa. Waiteso wako Tororo na Busia pia, na ndugu huvuka mto kwenda kukesha matangani. Mkesha usio na nyimbo ni mgumu kufikirika. Tatizo ni disko matanga, ambapo vijana hucheza muziki wa vipaza sauti hadi alfajiri, mara nyingi ili kuchangisha fedha za mazishi. Maofisa wa utawala magharibi mwa Kenya wameipiga marufuku mara kwa mara, wakihofia zaidi usalama wa wasichana kuliko usingizi wa majirani. Familia maskini nayo huona imefungiwa mlango wa harambee.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti kelele, hivyo malalamiko yanaweza kuanzia huko. Mamlaka za mazingira za nchi hizo mbili zote huitwa NEMA, jambo linalowachanganya wengi. Kabla ya kulalamika, ni vyema mtu ahakikishe kipaza sauti kiko ng'ambo ipi ya mto.