Kibao Kikigeuka Fremu ya Mwisho: Mwongozo Wako wa Komiki za Kutisha, Kutoka New York Hadi Kishushe

Kuna stori unasoma ukidhani umeishika, kumbe yenyewe ndiyo imekushika. Unafika fremu ya mwisho, unanyamaza, halafu unarudi ukurasa wa kwanza kucheki ulipigwa chenga wapi. Na dalili ilikuwa hapo hapo, manze, mbele ya macho yako.

Huo ndio utamu wa komiki za kitambo za kutisha na zile za sayansi ya kubuni. Kama uko Kishushe, kule Taita Taveta ambako ndovu wa Tsavo huonja mahindi kabla ya mwenye shamba, usidhani haya ni mambo ya wazungu pekee. Nyanya yako alikuwa akikupea stori za aina hii bila hata kalamu. Twende mos mos.

MBOGI YA EC NI AKINA NANI?

Kampuni iliyofanya mtindo huu uwike inaitwa EC, ya New York. Mwenyewe alikuwa William Gaines, aliyerithi biashara baada ya babake kufa katika ajali ya boti mwaka wa 1947. Mzee alikuwa akiuza komiki za elimu na stori za Biblia, lakini kijana akaona hiyo haiingizi doo. Mwaka wa 1950, yeye na mhariri wake Al Feldstein wakaanzisha Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear upande wa kutisha. Upande wa roketi, maroboti na sayari za mbali wakatoa Weird Science na Weird Fantasy.

Toleo moja liliuzwa senti 10 za Marekani, na kwa kawaida lilibeba stori nne fupi za kurasa sita hadi nane. Kazi ilienda hivi: Gaines, ambaye usingizi ulikuwa unamhepa, alisoma hadithi usiku kucha, asubuhi anamletea Feldstein mawazo. Feldstein akipenda moja, anaandika maneno moja kwa moja kwenye karatasi ya kuchorea, ndipo mchoraji anapewa ajaze picha. Ndiyo maana fremu za EC zina maneno mengi hadi wahusika wanakosa pa kuweka vichwa.

Na hawakuwa malaika. Mwaka wa 1952 walichukua hadithi mbili za mwandishi Ray Bradbury, wakazichanganya na kuchapisha bila kumuuliza. Msee mwingine angekimbilia wakili. Bradbury aliwaandikia barua ya upole: wamefanya kazi nzuri, ila inaonekana wamesahau kutuma malipo yake. Wakalipa chap chap, na baadaye wakachora hadithi zake nyingine kwa ruhusa, jina lake likiwa wazi kwa kila mtu. Wewe unayeandika, weka hiyo akilini.

FORMULA YENYEWE

Ukizisoma nyingi utaona mifupa yake ni ile ile.

Kwanza, kuna mtu ana tamaa, kiburi au roho mbaya, na anadhani ni mjanja kuliko mtaa mzima. Pili, mapema kabisa unaonyeshwa kitu kidogo: pete, neno, tabia fulani. Hukitilii maanani. Tatu, mhusika anafanya ubaya wake na inaonekana amehepa nao. Nne, kibao kinageuka, na kile kitu kidogo ndicho kinamnasa.

Cheki hapo vizuri. Kibao kikigeuka bila dalili, umeibiwa. Ile ya "kumbe ilikuwa ndoto" ni wizi wa mchana. Mwisho mzuri lazima ukushtue, na ukishashtuka ukubali kwamba hakukuwa na mwisho mwingine.

STORI TATU ZA KUJUA

Tahadhari: hapa tunakuambia mwisho. Kama hutaki, ruka.

Foul Play (1953), iliyochorwa na Jack Davis. Mchezaji wa besiboli anamuua mpinzani kwa sumu aliyopaka kwenye njumu. Wenzake marehemu wanagundua, wanamvuta uwanjani usiku, na mechi inachezwa kwa kutumia vipande vya mwili wake kama vifaa. Noma. Hata mashabiki wa EC walisema hii ilipita kiasi, na baadaye ilitumiwa kama ushahidi dhidi ya komiki zote za kutisha.

Master Race (1955), iliyochorwa na Bernard Krigstein. Mwanamume aliyeokoka vita vya Hitler anaingia treni ya chini ya ardhi, anaona uso wa mtu anayemjua kutoka kambi ya mauaji, na anaanza kutetemeka. Unamhurumia. Mwishoni unajua kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kambi, na aliyeingia ni mmoja wa waliotoroka mikono yake. Krigstein alipewa kurasa sita, akaomba kumi na mbili, akapata nane. Alizikata fremu nyembamba nyembamba mpaka treni inaonekana kukimbia kwenye karatasi.

Judgment Day (1953), iliyochorwa na Joe Orlando. Hii ndiyo ya kuweka moyoni. Mkaguzi kutoka Dunia, jina lake Tarlton, anafika sayari ya maroboti kuona kama wako tayari kujiunga na muungano wa sayari. Anakuta maroboti ya rangi ya machungwa na ya buluu. Ndani wameundwa sawasawa, tofauti ni ganda tu. Lakini wale wa buluu wana mtaa wao, kazi zao duni, na kwenye basi wanakaa nyuma. Tarlton anawaambia hawajakomaa, warudi wakajirekebishe. Anapanda roketi, anavua kofia ya anga. Ni mtu mweusi.

Basi. Hakuna hotuba. Fremu moja tu ya uso wenye jasho linalong'aa kama nyota. Na wakati huo, Marekani yenyewe ilikuwa na majimbo ambako mtu kama Tarlton alilazimishwa kukaa nyuma ya basi. Ukiwa Kenya, weka majina ya ukoo badala ya rangi, halafu uniambie kama hiyo sayari iko mbali.

JINSI WALIVYOZIMWA

Mwaka wa 1954, daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu, Seduction of the Innocent, akidai komiki zinawaharibu watoi. Seneti ikafungua vikao. Tarehe 21 Aprili 1954 Gaines alijitolea kutoa ushahidi. Seneta Kefauver akanyanyua jalada lenye shoka na kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akamuuliza kama hilo ni la heshima. Gaines akajibu kwamba kwa komiki ya kutisha, ndiyo. Kesho yake magazeti yalimla mbichi.

Wachapishaji wakaogopa, wakajiundia kanuni yao wenyewe mwaka huo huo. Maneno "horror" na "terror" yakapigwa marufuku kwenye majina ya komiki. Wafu wanaotembea, wanyonya damu, watu wanaogeuka mbwa mwitu, wote wakafukuzwa. Bila muhuri wa kanuni, wauzaji wengi hawakugusa gazeti lako. Gaines akafunga komiki zake za kutisha.

Sasa sikia kibao cha maisha halisi. Stori moja ya toleo lake la mwisho, lenye tarehe ya mwanzo wa 1956, ilipokataliwa, akataka kurudia Judgment Day mahali pake. Msimamizi wa kanuni, aliyekuwa jaji, akasema Tarlton asiwe mweusi. Feldstein akamwambia hiyo ndiyo stori yenyewe. Wakaambiwa basi angalau jasho liondolewe. Gaines akatishia kuanika mambo hadharani, na stori ikatoka vile ilivyokuwa, jasho na kila kitu. Baada ya hapo EC haikutoa komiki nyingine. Gaines akabaki na MAD, jarida la vichekesho lililompa pesa kuliko mizimwi yote. Ile kanuni nayo ilikuja kufa kabisa mwaka wa 2011.

NA HUKU KWETU?

Kenya haijakosa wachoraji. Edward Gitau alitupa Juha Kalulu, aliyechekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo. Mwaka wa 1973 Terry Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe, lililocheka na mwananchi wa kawaida wa Nairobi. Miaka ya 80 zikaja Pichadithi, ambazo ziliweka ngano zetu kwenye fremu, kama ile ya Lwanda Magere.

Na Lwanda Magere ni formula tupu! Shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe, mikuki inadunda tu. Maadui wanampa mke. Siku moja anaugua, anamwambia mke achanje dawa kwenye kivuli chake badala ya mwili. Hapo msichana anajua siri. Vita vinarudi, mkuki unalenga kivuli, jiwe linaanguka. Dalili ilikuwa inamfuata kila siku chini ya jua.

Au Simbi Nyaima, ziwa lililo karibu na Kendu Bay. Ajuza anafika kijijini kwenye sherehe, anafukuzwa kwa dharau, mwanamke mmoja tu anamhurumia na kuambiwa ahame. Mvua inashuka, kijiji kinageuka ziwa. Ukiiweka mkononi mwa Gaines, anaichapisha kesho.

Upande wa uchawi na maajabu, mkali wetu alikuwa Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya Kenya nyumbani. Akokhan yake ilichukua nguvu za jadi za Kiafrika na kuziingiza kwenye dunia ya leo, bila kuomba ruhusa kwa Superman. Tulimpoteza Aprili 2012 katika ajali ya matatu Nairobi. Kufikia hapo Shujaaz, komiki ya Sheng iliyoanza 2010, ilikuwa tayari mikononi mwa vijana kote nchini, bure. Kwa hivyo usiambiwe lugha ya mtaa haiwezi kubeba komiki.

JICHOREE YAKO: KURASA NANE ZA KISHUSHE

Sasa zamu yako. Unahitaji penseli, karatasi na kitu kinachokuuma kweli. Kishushe kuna madini ya chuma, na penye madini hapakosi maneno kuhusu ardhi ni ya nani. Tumia hiyo. Sampuli hii tumeibuni sisi, ichukue uibadilishe.

Ukurasa wa 1: Dalali wa kubuni anashuka kutoka kwa gari kubwa, anatabasamu. Jino moja ni la dhahabu. Usilielezee, lichore tu.

Ukurasa wa 2 na 3: Anamdanganya mama mzee atie kidole kwenye karatasi, anampa chapaa kidogo. Mama anauliza swali moja: "Na wale wa pangoni, mwanangu?"

Ukurasa wa 4: Pango. Unajua Wataita wa zamani waliweka mafuvu ya wazee wao kwenye mapango, na mengine yapo hadi leo vilimani. Hayo si mambo ya kutisha, ni heshima, kwa hivyo yachore kwa utulivu. Mama anafagia na kuhesabu: kumi na mawili. "Hesabu haijawahi kupungua," anasema.

Ukurasa wa 5 na 6: Dalali anarudi usiku na tochi. Amepata mnunuzi wa fuvu. Anachukua moja, anacheka, meno yote nje.

Ukurasa wa 7: Gari lake asubuhi, mlango wazi. Fuvu liko kwenye kiti. Hakuna mtu.

Ukurasa wa 8: Mama analirudisha fuvu kwenye rafu. Anahesabu polepole na kufika kumi na tatu. Anainama karibu na la mwisho. Jino la dhahabu.

Ona hatukuonyesha tone la damu. Hatukusema nani alifanya nini. Na anayetisha kwenye hii stori si wazee waliolala pangoni, ni mwenye tabasamu.

Labda ndiyo sababu komiki hizi hazizeeki. Mtaani unaona mtu anapora shamba la mjane, anapita kortini, anatoka akipunga mkono. Kwenye fremu ya mwisho hahepi. Kwa senti 10, mtoto wa 1952 alipewa haki ambayo magazeti ya siku hiyo hayakuwa nayo.

Kwa hivyo chora. Ukimaliza, mpe mtu asome mbele yako, umtazame uso. Akifika ukurasa wa nane kisha akarudi wa kwanza kutafuta lile jino, umeweza.