Taa Moja Usiku Ziwani

Usiku usio na mwezi, mtu akisimama ufukoni Uvira huona mianga mingi. Mingine ni taa za wavuvi wa ndagala, mingine ni ya Bujumbura ng'ambo ya ziwa, mingine ni nyota zilizoinama karibu na maji. Ipi iko karibu, ipi mbali? Jicho halijui upesi. Kwa nini?

Zamani Wayunani wengine, kama Euklide, walifundisha kwamba jicho lenyewe hutoa miali iendayo kugusa vitu. Lakini yapata miaka 1,000 iliyopita Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alionyesha kwamba nuru hutoka katika vitu na kuingia jichoni. Ushahidi wake mmoja ni huu: mtu akilitazama jua, macho humwuma. Mwaka 1604 Johannes Kepler akaeleza kwamba nuru hiyo huchora sura ya kitu, kichwa chini, katika utando ulio nyuma ya jicho.

Lakini nuru bila jicho zima haifai kitu. Februari 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliliona Ziwa Tanganyika. Aprili wakafika Uvira. Siku ile ya kwanza Speke alikuwa mgonjwa wa macho. Ziwa zima lilikuwa mbele yake, naye akaona ukungu na mng'ao tu.

Sasa turudi kwenye taa zetu. Tukitazama kitu cha karibu, macho mawili hugeuka kidogo kuelekeana, na hivyo twatambua umbali wake. Kwa kitu cha mbali sana, kipimo hicho chakoma. Gizani twabaki kukisia kwa ukali wa nuru. Na taa ikiwa mbali mara mbili, nuru iingiayo jichoni hupungua mara nne. Ikiwa mbali mara tatu, hupungua mara tisa. Kumbe taa hafifu ya karibu na taa kali ya mbali zaweza kuonekana sawasawa!

Hapo ndipo penye hatari. Mvuvi aona nuru ndogo, adhani ni ya mbali, kumbe ni mtumbwi wa jirani. Basi, asiiamini kwa kuitazama mara moja. Ikizidi kung'aa, ajue yakaribia, apige kelele. Wala asiikodolee macho taa yake mwenyewe, maana mboni hujifunga, na jicho laweza kuhitaji nusu saa kulizoea giza tena.