Wasioweza Kutaja Nyumba ya Baba Zao

Katika sura ya pili ya kitabu cha Ezra imo orodha ndefu ya watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli. Wasomaji wengi huiruka kwa kuwa ni majina na hesabu tu. Lakini ndani yake wametajwa watu waliotoka Tel-mela na Tel-harsha, wana wa Delaya, wana wa Tobia na wana wa Nekoda, ambao hawakuweza kuonyesha nyumba ya baba zao wala kuthibitisha kuwa ni wa Israeli. Walikuwa 652. Hawakuachwa njiani. Waliandikwa pamoja na wenzao, wakahesabiwa, wakarudi. Waliobanwa ni makuhani: walioshindwa kuonyesha nasaba yao walizuiwa wasihudumu mpaka shauri lao liamuliwe.

Sisi watu wa kusini tungeisoma orodha hiyo polepole, maana kanisa la Masasi, ambalo wazee wengi wa Mtwara walilelewa ndani yake, lilianza na watu wa namna hiyo hiyo.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, ile misheni ya vyuo vikuu, alitoka Unguja akapita Lindi akiwa na kundi la watu wapatao 55, wanaume na wanawake, waliokuwa wamekombolewa utumwani. Miaka mitatu nyuma, 1873, soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa. Watu hawa walikuwa wametunzwa Mbweni, kwenye shamba ambalo misheni ililinunua mwaka 1871. Nia ya Steere ilikuwa kuwapeleka mbele zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitekwa. Walipofika Masasi waliona maji, ardhi nzuri na milima ya mawe, wakataka wakae hapo. Wakakaa. Wengi waliotoka kwenye kundi hilo wamo leo katika koo zetu, ingawa si wengi wanaosema.

Tujiulize kwanza watu hao walikuwa na nini mkononi kuhusu asili yao. Wengi walitekwa wakiwa watoto. Jina alilopewa na mama yake, mtoto alilipoteza safarini, akapewa jingine na aliyemnunua. Majina kama Majaliwa, Mabruki, Feruzi na Farhani yalikuwa ya kawaida kwa watumwa wa pwani: majina ya heri na baraka, lakini hayana baba nyuma yake. Kisha akaja misheni, akabatizwa, akapewa jina la tatu. Mtu mmoja, majina matatu, na lile la kwanza ndilo lililopotea.

Kwa desturi zetu, hasara ilikuwa kubwa kuliko jina. Mmakonde ana litawa lake, Mmakua nihimo, Myao lukosyo, na vyote hivyo hupitia kwa mama. Anayekusemea kwenye ndoa, kwenye kesi na kwenye msiba ni njomba, ndugu wa kiume wa mama yako. Mwanamke aliyetekwa na kuletwa mbali hakuwa na kaka wa kumsemea, kwa hiyo watoto wake hawakuwa na njomba. Ndiyo maana baadhi ya wakubwa wa zamani walipenda kuoa mateka: watoto hao walikuwa wao peke yao, hakuna ukoo wa upande wa pili wa kuja kuwadai. Mnyororo shingoni huonekana. Kukosa njomba hakuonekani, na kuliendelea hata baada ya mnyororo kukatwa. Neno "mtumwa" linaumiza mpaka leo pwani hii kwa sababu maana yake ni mtu asiye na wa kwao.

Aibu hiyo ndiyo hasa inayotukwamisha tunapotafuta shina la familia. Kijana anamuuliza bibi walikotoka, bibi anajibu: "Tulitoka Nyasa, tulikuja kutafuta mashamba." Ukimsogelea zaidi anasema chai inapoa. Kwa upande wangu sioni sababu ya aibu hiyo ndani ya kanisa. Mathayo alipoandika nasaba ya Bwana wetu alimweka Rahabu, akamweka Ruthu mgeni wa Moabu, akamweka Tamari, na mke wa Uria hakumficha. Angeweza kuwaacha wote wanne na orodha ingesomeka vizuri tu.

Mfano wa kwetu ni Padri Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, aliyekombolewa utumwani akasomeshwa na misheni katika chuo cha Kiungani, Unguja, na baadaye akapelekwa Canterbury, Uingereza, kuendelea na masomo. Mwaka 1886 alifanywa shemasi akatumwa Chitangali, kati ya Masasi na Newala, kwa watu wa mkubwa wa Kiyao aliyeitwa Nakaam. Mwaka 1890 alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Angalieni mambo mawili. Kwanza, aliyepokonywa ukoo wake akiwa mdogo alirudi na kuhubiri kwa lugha ya ukoo huo. Pili, jina la Majaliwa, ambalo pwani lilinuka utumwa, likawa jina la padri, na hakulibadilisha. Wale makuhani wa Ezra walizuiwa kwa kukosa nasaba. Huyu hakuzuiwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mtu wa Chikongola, mjukuu wa kuli wa bandarini au wa mkata mkonge, aanzie wapi?

Wenzetu Waingereza wana kazi hii tangu zamani, na si matajiri wao pekee. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na mazishi. Serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1837, na sensa ya 1841 ikaandika majina ya watu nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana leo mjukuu wa mchimba makaa au wa mfumaji wa kiwandani, ambaye babu yake alitia alama ya msalaba badala ya sahihi siku ya harusi kwa kuwa hakujua kuandika, anaweza kurudi nyuma vizazi vinane. Babu huyo hakuacha shamba wala wosia. Aliacha mstari mmoja kwenye kitabu cha padri.

Kwetu serikali ya kikoloni ilimwandika mfanyakazi kwa namna yake. Kwenye mashamba ya mkonge alipewa kipande chenye nafasi ya siku 30 za kazi, na waliochukuliwa mbali waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Kodi ya kichwa nayo ilikuwa na stakabadhi yake. Karatasi hizo zilitupwa au zililiwa na mchwa. Mahali pekee ambapo mkata mkonge aliandikwa kwa jina, pamoja na mkewe na watoto, mara nyingi palikuwa kanisani. Kwa sababu hiyo vitabu vya ubatizo vya Masasi, Newala na vituo vya Wabenediktini kama Ndanda, iliyoanzishwa 1906, vina thamani ambayo hatujaijua. Vingine havipo tena. Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa wakati ule waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuteka, na waliobaki wakatawanyika, wengi wakahamia Newala. Mwaka 1905, wakati wa Majimaji, misheni ya Masasi ilichomwa, na Lukuledi na Nyangao vilevile. Kwa hiyo usishangae ukikuta familia yako inaanza ghafla mwaka 1906 au 1907. Huenda waliobatizwa mapema waliungua kwenye karatasi tu.

Usianze na kitabu hata hivyo. Anza na bibi aliye hai, maana kitabu kitakusubiri. Muulize ya mama yake kabla ya baba yake. Hili nalisisitiza, kwa sababu vitabu vyetu vilipangwa na watu wa nchi ambako jina hufuata baba. Mtoto wa Mathias akaandikwa Paulo Mathias, mtoto wa Paulo akaandikwa Andrea Paulo, na hivyo jina la mwisho hubadilika kila kizazi. Mnyororo huo unafuatika, ukiwa na subira: kila jina la pili ni jina la kwanza la mtu mwingine, miaka 20 au 30 nyuma. Lakini mama hupotea. Litawa ambalo bibi analitaja bila kufikiri halimo kwenye safu yoyote ya kitabu. Ukiandika tu yaliyo kitabuni utapata nusu ya familia, tena ile nusu ambayo wazee wetu hawakuhesabia ukoo. Ezra anamtaja mtu aliyeoa katika nyumba ya Barzilai Mgileadi akaitwa kwa jina la ukweni. Mmakonde akisoma hapo hashangai hata kidogo.

Miaka, bibi hataitaja. Atataja mambo. Akisema alizaliwa "wakati wa vita ya Mjerumani", mwulize kama ni kabla au baada ya mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, ambapo wanaume wengi wa huku walikuwa wamechukuliwa kuwa wapagazi. Akisema aliolewa "wakati wa karanga", hiyo ni kati ya 1947 na 1951, mradi ule wa Waingereza wa Nachingwea ulipokuwa hai. Ukisikia "reli ilipofika", ni karibu na 1954, mwaka ambao bandari ya kina kirefu ya Mtwara nayo ilifunguliwa. "Reli ilipong'olewa" ni 1962. Sehemu kubwa ya watu wa mji wetu ni wana wa miaka hiyo. Baba alishuka kutoka Newala au Masasi kufuata kibarua cha reli na bandari, au alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, mara kwa sababu ya mkonge, mara kwa kukimbia kazi ya kulazimishwa ya Wareno, na baada ya 1964 kwa kukimbia vita. Kwa hawa wa ng'ambo ya mto vitabu vya ubatizo vya mwanzo viko Msumbiji, kama vipo, na safari ya kuvitafuta si ya Jumapili moja.

Kaburi nalo husaidia, ila sogezo la vijiji la miaka ya 1970 liliwahamisha watu, makaburi yakabaki maporini. Nenda huko angali yupo anayejua njia.

Jambo jingine: usiogope upande wa Waislamu. Hakuna familia ya Mtwara, nadhani, isiyo na mashangazi msikitini na wajomba kanisani. Mara nyingi shangazi huyo Mwislamu ndiye anayekumbuka jina ambalo babu aliliacha siku ya ubatizo, kwa sababu yeye hakuwahi kumwita kwa lile jipya.

Majibu yatapishana. Bibi atasema watoto walikuwa saba, kitabu kitaonyesha watano. Shangazi atamtaja Agnes aliyekufa mchanga, na wewe huna mstari wake. Msigombane. Orodha ile ile ya Ezra imeandikwa tena katika Nehemia sura ya saba, na wale wasiojua nyumba ya baba zao, ambao Ezra aliwahesabu 652, huko ni 642. Kanisa limezisoma zote mbili kwa karne nyingi bila kufuta moja. Andika kauli zote, na pembeni ya kila kauli andika aliyeisema.

Mwenzetu aliyeonyesha njia hii mapema ni Padri Yohana Abdallah wa Unangu, ng'ambo ya Ruvuma, aliyekusanya habari za Wayao kutoka kwa wazee akaziandika kwa Kiyao chenyewe. Kitabu chake, Chiikala cha Wayao, kilichapwa mwaka 1919. Hakungoja mzungu aje kuwauliza wazee wake. Baada yake Padri Kolumba Msigala wa Masasi aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, na watafiti wa historia ya kanisa letu wamezitegemea. Hao walikuwa mapadri wa vijijini wenye kazi nyingi na wino kidogo.

Mwisho, kwa wale ambao utafutaji utawafikisha kwa mtu wa Mbweni au wa kundi la Steere. Utafungua kitabu, utamwona babu wa babu yako, na mahali pa baba na mama huenda hapana kitu, au pana jina moja lisilo na la pili. Usifunge kitabu hapo. Sogeza kidole mpaka kwenye nafasi ya wadhamini, waliosimama naye kwenye maji siku ile. Andika majina yao kwenye daftari lako kwa herufi kubwa kama ulivyoandika ya wengine, kisha tafuta walipobatizwa wao, waliooana nao, na watoto waliowadhamini baadaye. Mara nyingi utaona ni watu wale wale wachache, wakizunguka ukurasa hata ukurasa, mmoja akimsimamia mtoto wa mwenzake na mwenzake akimsimamia wake. Walikosa njomba, wakawekeana.