Kuku na Bata: Nahau za Kikantoni

Wapo wadhanio kuwa nahau ni pambo tu la lugha, lingojee hadi mwanafunzi aimalize sarufi. Historia ya Kikantoni, lugha ya Guangzhou, Hong Kong na Macao, yatufunza vingine.

Mwaka 1759 mfanyabiashara Mwingereza James Flint, aliyejua Kichina, alimpelekea Mfalme wa China mashtaka juu ya maofisa wa forodha wa Guangzhou. Flint alifungwa miaka mitatu huko Macao. Liu Yabian, Mchina aliyemsaidia kuiandika barua hiyo, aliuawa. Tangu hapo kumfundisha mgeni Kichina kukawa kosa. Robert Morrison alipofika mwaka 1807, walimu wake walimfundisha kwa siri. Tunda mojawapo la hatari hiyo ni msamiati wake wa Kikantoni, uliochapwa Macao mwaka 1828. Sehemu yake ya tatu yakusanya maneno na misemo kwa kufuata mada.

Na misemo hiyo ya Kikantoni ina mafunzo gani? Watu wawili wasioelewana husemwa ni "gai tung aap gong", yaani kuku azungumza na bata. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi husemwa amefanyiwa "chaau yau yu", kukaangwa ngisi. Mgeni atacheka, lakini ngisi akiingia kaangoni hujikunja, kama mfanyakazi wa zamani alivyokunja matandiko yake akaiacha nyumba ya tajiri wake. Sisi husema amefungishwa virago, na kirago ni mkeka wa kulalia!

Tena mzee wa Kikantoni humkanya kijana kwa kusema: "Nimekula chumvi nyingi kuliko wali ulioula wewe." Nasi tunao waliokula chumvi nyingi. Ila tahadhari: kwetu msemo huu humheshimu mzee anayesemwa, kwao mzee hujisemea mwenyewe, akimnyamazisha mdogo. Kijana akimwambia mzee maneno hayo, amemtovukia adabu.

Basi kujua maana ya nahau hakutoshi. Mwanafunzi sharti ajue pia nani humwambia nani, na wakati gani. Hayo kamusi peke yake haiyatoi, huyatoa mwalimu. Ndiyo sababu Morrison, pamoja na vitabu vyake vyote, hakuweza kuwakosa walimu wake, nao wakakubali kumfundisha hali wakijua hatari yake. Nasi tufundishao bila hofu, tusiwaache wanafunzi wetu wawe kuku mbele ya bata.