Kompyuta Kuukuu na Mfumo Huria: Kutoka Pabbo Hadi Nagongera

Wengi wetu tukisikia jina Linux tunafikiri ni kitu cha mainjinia wa Ulaya. Lakini historia yake imepita kambini pia, tena kambi za hapa hapa Uganda.

Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, aliandika kiini cha mfumo endeshi. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamsha kompyuta na kusimamia programu zingine zote. Mwaka 1992 akauweka chini ya leseni ya GPL, iliyoandikwa na Mmarekani Richard Stallman. Leseni hiyo inakupa haki ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kumgawia jirani. Ndiyo maana unaitwa huria. Siyo bei peke yake.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa mfumo uliojengwa juu ya Linux, akauita Ubuntu. Ndugu zetu wa Burundi na Rwanda hawahitaji mtafsiri hapo. Sisi wa Kiswahili tunasema utu. Mpaka 2011, yeyote aliyeomba sidii ya Ubuntu alitumiwa bure kwa posta. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili. Hawakumngoja mwenye kampuni aamue kama lugha yetu ina soko, kwa sababu leseni ilikwisha kuwaruhusu.

Sasa tuje kambini. Mwaka 2007, kaskazini mwa Uganda, watu wengi sana walikuwa bado kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kwa sababu ya vita vya LRA. Mradi wa BOSCO, chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, ulifikisha intaneti na simu za mtandao kambini, Pabbo ikiwemo. Stima hakuna, kwa hiyo walitumia sola na kompyuta za shirika la Inveneo la Marekani, zinazokula umeme kidogo na kuendeshwa na Linux. Watu waliporudi vijijini, BOSCO haikufa pamoja na kambi. Iliendelea na kazi.

Huku kwetu Tororo nako kuna historia ya kupokea watu. Mwanzoni mwa 2008, Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi walivuka Busia na Malaba. Wengi walikaa Mulanda, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Leo Nagongera ina tawi la Chuo Kikuu cha Busitema linalofundisha walimu. Mwanafunzi wa hapa na kijana wa kambini wana shida moja: mashine zinazotufikia ni kuukuu, zimeshatumika na wengine.

Na zitazidi kuja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliki na Windows 11. Huko zitaitwa takataka, huku zitaitwa msaada. Wengi wataweka Windows ya wizi kwa flashi iliyojaa virusi. Mfumo mwepesi kama Lubuntu au Linux Mint ya Xfce unaweza kuipa mashine hiyo hiyo miaka mingine, kihalali.

Vijana watauliza: na gemu je? Swali zuri, maana kwa gemu ndiyo wengi wanazoea kompyuta. SuperTuxKart na Battle for Wesnoth ni za bure, na ukishaziweka hazihitaji bando. GCompris inafaa watoto. Kwa mwenye mashine yenye nguvu, Steam ilifika Linux mwaka 2013, na tangu 2018 chombo chake cha Proton kinaendesha gemu nyingi za Windows. Lakini tusidanganyane: Fortnite na Valorant hazikubali. Na waajiri wengi bado wanauliza Word na Excel. LibreOffice inafungua mafaili hayo, ila mpangilio wa kurasa unaweza kuyumba, kwa hiyo CV itume kama PDF.

Ukitaka kujaribu, pakua mfumo kwa mtu mwenye intaneti nzuri, uweke kwenye flashi ya GB 8, halafu iamshe kompyuta kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote. Angalia kama sauti na waifai vinafanya kazi. Ukiridhika, hifadhi kwanza mafaili yako mahali pengine, kwa sababu kusakinisha kunaweza kufuta diski yote. Flashi hiyo hiyo mpe jirani. Siyo wizi.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi moja. Mnapoleta kompyuta, msihesabu mashine tu. Ulizeni mradi ukiisha, leseni italipwa na nani, na nani hapa kambini ataweza kuifungua mashine, kuitengeneza na kumfundisha mwingine. Kama jibu ni hakuna mtu, basi kompyuta hizo zitabaki meza za kuwekea vumbi.